Kabla ya kupiga window, tuwatoe wapambe kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Safari hii sina malalamiko ya barabara wala ya maji. Nina jambo la kompyuta, na najua wapo watakaoishia hapa na kukimbilia kurasa za michezo. Waende salama. Barua hii ni ya wenzangu wenye steshenari, makatibu muhtasi, walimu wanaochapa mitihani wenyewe, na kila aliyewahi kuambiwa na fundi, "Mama, dawa ya hii ni kupiga window tu," yaani kuifuta Windows na kuiweka upya.

Mimi nina steshenari hapa Morogoro. Chumba kimoja, kompyuta mbili, printa moja nyeusi na moja ya rangi ambayo hufanya kazi siku ikijisikia. Kuchapa nilianza na taipureta, nikiwa katibu muhtasi. Waliopitia huko wanakumbuka: ukienda mbio, vyuma viwili vya herufi vinanyanyuka pamoja na kukumbatiana njiani. Unaingiza kidole, unavitenganisha, unaendelea, na kidole kinabaki na wino mpaka jioni. Sikuwahi kumwona bosi aliyeagiza mashine nzima ifumuliwe kwa sababu A imeng'ang'aniana na S. Kwenye kompyuta, lakini, ndivyo tunavyofanya kila siku, tena tunalipia.

Mwaka jana Word yangu, ile programu ya kuchapia, ilianza kufa wakati wa kufunguka. Nabofya, kinatokea kile kidirisha cha bluu chenye jina lake, kinakaa sekunde tano sita, kinapotea. Nabofya tena, hivyo hivyo. Haisemi kitu cha maana, haiombi kitu. Nikazima mashine, nikawasha, nikasema bismillah, ikawa vile vile. Nikamwita kijana fundi wa mtaani. Akaitazama pengine dakika mbili, akasema imeliwa na virusi, tupige window. Nikauliza, "Na kazi zangu?" Akasema, "Usijali mama, za D zitabaki." Nikampa 25,000, nikakaa kwenye benchi nikimwangalia anavyofanya.

Diski ya kompyuta yangu imegawanywa vyumba viwili, C na D, na za D zilibaki kweli. Ila mimi, kama watu wengi, nilikuwa naweka kazi palepale kwenye uso wa kompyuta, maana ndipo jicho linapoangukia. Kumbe uso ule uko kwenye C, na C ndiyo iliyofutwa. Zikaenda katiba za vikundi vya kukopeshana, mikataba ya pango, risala, ratiba za harusi, ambazo nilikuwa nabadilisha majina na tarehe tu mteja akija. Hizo nilizililia siku mbili, nikaanza kuzitengeneza upya.

Kilichoniuma ni kingine. Kuna mzee wa kutoka Matombo, huko juu Uluguruni, alikuwa anakuja kila Jumamosi kunisimulia habari za ukoo wao, yeye anasema, mimi nachapa. Tulikuwa tumefika ukurasa wa 43. Zilizokuwa zimechapwa kwenye karatasi ni 17 tu. Nilipomweleza, hakugomba. Alikaa kimya, akavua kofia, akaivaa tena, akasema, "Basi tuanze tulipoishia karatasi." Tukaanza. Lakini, Mhariri, masimulizi hayarudi yalivyokuwa. Mara ya kwanza aliyeongoza watu kupanda mlima alikuwa mjomba mtu. Mara ya pili amekuwa kaka yake. Nimemuuliza kwa upole, anasema ndivyo alivyosema tangu mwanzo. Sina cha kumwonesha kubisha.

Haya. Miezi miwili baada ya kupigwa window, Word ikaanza tena ugonjwa ule ule. Kidirisha cha bluu, sekunde tano sita, kimya. Ilikuwa Novemba, wiki ya mitihani ya kumaliza muhula, mwalimu kasimama kaunta na karatasi za mkono, anataka nakala 180 kabla ya saa sita. Kompyuta ya pili mtu anajaza fomu za mkopo wa chuo. Nikasema leo nimekwisha. Nikachukua simu nimpigie yule yule fundi.

Kwenye foleni kulikuwa na binti mwanafunzi amekuja kutoa kopi. Akasema, "Shikamoo mama. Samahani, umeshajaribu kuifungua bila plagini?" Sikuelewa hata swali. Akaomba kuingia nyuma ya kaunta, nikamruhusu kwa kukata tamaa. Akabonyeza kitufe cha Ctrl kwa mkono wa kushoto, hakuachia, na kwa mkono wa kulia akaibofya ikoni ya Word mara mbili. Kikatokea kisanduku kinachouliza: unashikilia Ctrl, unataka kuifungua Word katika hali salama? Akajibu ndiyo. Word ikafunguka, nyeupe, mzima wa afya, na juu kabisa pameandikwa "Safe Mode". Mwalimu alipiga makofi.

"Word yako haina tatizo, mama," akasema. "Tatizo ni wapambe wake."

Neno hilo, wapambe, ndilo lililonifungua akili, na tangu siku ile ndilo ninalotumia. Word ikiamka haiamki peke yake. Ukiweka programu ya kutengeneza PDF, inapachika kitu chake ndani ya Word ili upate kitufe juu. Ya kuskani hufanya vile vile, na ile ambayo wanafunzi wanaitumia kupanga marejeo ya tasnifu, na antivirusi nyingine. Vitu hivyo ndivyo plagini, vitabu vinaviita programu jalizi, na kwenye Word vimeandikwa "Add-ins". Sasa bibi harusi hatoki chumbani mpaka wapambe wajipange mlangoni. Mmoja akizirai pale kizingitini, harusi nzima inasimama, na sisi tulioko ukumbini tunasema bibi harusi mgonjwa. Kwa lugha ya mafundi, wapambe wengi wa aina hii hawana nyumba yao. Wanaishi ndani ya nafasi ile ile ya kumbukumbu ya Word, ndiyo maana akianguka mmoja anaanguka na mwenye nyumba. Hali salama maana yake bibi harusi ametoka peke yake, bila hata mmoja wao.

Tulimaliza kwanza mtihani wa mwalimu humo humo kwenye hali salama, maana kuchapa na kupeleka kwenye printa kunakubali. Kisha binti akarudi kwenye kazi yake. Akaenda "File", kisha "Options", kisha "Add-ins". Chini kuna kisanduku kimeandikwa "COM Add-ins" na pembeni kitufe cha "Go". Akabofya, ikatoka orodha ya wapambe saba, kila mmoja na tiki yake. Watatu kati yao sikuwa nawajua kabisa, waliingia kwa mlango wa nyuma wakati fundi anaweka programu nyingine.

Alivyomtafuta mkorofi ndipo nilipovutiwa. Mimi ningetoa mmoja mmoja, nifungue, nifunge, nirudi. Yeye aliwatoa tiki wote saba, akafunga Word, akaifungua kawaida bila Ctrl. Ikafunguka. Akawarudisha wanne kwa mpigo. Ikafunguka. Basi wale wanne ni wasafi, hatuna haja ya kuwahoji. Akaongeza wawili. Ikafa, kidirisha cha bluu na kupotea. Akarudi kwa Ctrl, akamtoa mmoja wa wale wawili, akafungua kawaida. Ikafunguka. Kwa hiyo ni huyo aliyetolewa. Wa saba naye akarudishwa, akaonekana hana neno. Dakika 12 kwa saa ya ukutani, na humo mna muda wa kumhudumia mtu wa kalamu mbili. Akaniambia hata wakiwa 16, kwa kuwakata nusu kwa nusu huhitaji zaidi ya majaribio manne kumfikia mmoja aliye mbaya. Nikapiga hesabu usiku kwenye karatasi: 16, 8, 4, 2, 1. Kweli.

Mkorofi alikuwa mpambe wa programu ya bure ya kugeuza na kufunga PDF kwa neno la siri. Jina lake silitaji, huenda kwa mwingine inafanya kazi vizuri. Na hapo ndipo nilipokumbuka jambo. Niliiweka mimi mwenyewe siku chache nyuma, kutoka kwenye flashi aliyoniachia fundi, kwa ajili ya mteja wa zabuni. Na mwaka jana, wiki ile Word ilipokufa mara ya kwanza, nilikuwa pia na mteja wa zabuni. Kuapa siwezi, maana ushahidi ulifutwa pamoja na ukoo wa watu wa Matombo. Lakini kama ni huyo huyo, basi nilitoa 25,000 na kurasa 26 kwa ajili ya tiki moja.

Binti akanionesha kitu kimoja zaidi kabla hajaondoka. Ukiandika "perfmon /rel" kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows na kubonyeza Enter, inafunguka kama kalenda. Siku ambazo programu imekufa zina alama nyekundu ya X, na siku uliyoweka programu mpya ina alama ya bluu. Nilitazama: bluu Jumatano, nyekundu kuanzia Jumatano hiyo hiyo mchana. Kalenda ile ilikuwepo ndani ya mashine yangu siku zote. Fundi angeifungua mwaka jana, tungeongea lugha nyingine.

Nilimpa 5,000 akakataa. Nikamchapia kurasa zote za pendekezo lake la utafiti bure, hapo akakubali.

Sasa nisieleweke kwamba nawasema mafundi tu. Nimelifikiri jambo hili, na naona kosa kubwa ni letu wateja. Kupiga window kuna bei inayojulikana mtaa mzima. Kutafuta chanzo hakuna bei. Fundi akikaa dakika 12, akatoa tiki moja, akasema "tayari, nipe 20,000," wengi wetu tutamwona tapeli: amefanya nini? Lakini akikaa saa tatu, mashine inazunguka, skrini inabadilika rangi, tunalipa kwa heshima. Tunalipia jasho, hatulipii akili. Fundi naye ana watoto, atauza kinachonunuliwa. Mimi sasa nimemwambia yule kijana (bado ni fundi wangu, sikumfukuza) kwamba kwangu kugundua ugonjwa ni 10,000 hata kama tiba ni kubofya mara moja. Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe kuniuliza ile Ctrl inafanyaje.

Wala sisemi window isipigwe kamwe. Diski ikianza kufa, au virusi wakishika kweli, piga. Na si kila Word inayokufa inauawa na plagini. Kama hata kwa Ctrl haifunguki, basi matatizo ni ya bibi harusi mwenyewe, na hapo kuna hatua ya kuikarabati kwenye orodha ya programu za Windows: "Quick Repair" ya haraka isiyohitaji mtandao, na "Online Repair" inayoshusha vitu upya, hiyo weka bando la kutosha. Kama kwa Ctrl inafunguka, umewatoa wapambe wote na bado kawaida inakufa, angalia faili moja linaloitwa Normal.dotm, ambalo Word hulisoma kila inapoamka kujua mwandiko wako na mipangilio yako. Libadilishe jina tu, usilifute. Word ikilikosa inajitengenezea jipya. Hata printa inaweza kuhusika, kwa sababu Word ikifunguka huiulizia printa uliyoiweka ya kwanza. Dereva wake, yaani programu inayoiendesha printa, akiwa mbovu, Word inakwama hapo. Badilisha printa ya kwanza iwe ile ya "Microsoft Print to PDF" ujaribu.

Na mtindo huu si wa Word peke yake. Excel nayo inakubali Ctrl. Firefox, ile ya kuingilia intaneti, ukiifungua huku umeshikilia Shift inakuuliza kama unataka iamke bila viendelezi, ndio wapambe wake. LibreOffice, ambayo ni ya bure, inafanya kazi za Word na Excel, na nawashauri wanafunzi waitumie, ina hali salama yake tangu toleo la 5.3 la mwaka 2017, iko kwenye menyu ya "Help". Windows nzima inayo. Ukishajua kuuliza "hali salama iko wapi?", unaikuta karibu kila mahali.

Kwa wanaodhani haya ni mambo ya steshenari za uswahilini: tarehe 19 Julai 2024 dunia ilisimama kwa mpambe mmoja. Kampuni ya usalama wa kompyuta ya Marekani, CrowdStrike, ilituma faili moja bovu kwa mashine za wateja wake. Microsoft walikadiria kompyuta milioni 8.5 ziligoma kuwaka, zinaonesha skrini ya bluu na kujiwasha upya bila kukoma. Ndege zilibaki chini, hospitali zikaahirisha kazi. Programu ile huamka mapema kabisa, ndani ya kiini cha Windows, kwa hiyo ilipoanguka iliangusha nyumba yote. Na dawa iliyotolewa haikuwa kupiga window mashine milioni nane. Ilikuwa kuiwasha mashine katika hali salama, kuingia kwenye folda moja, kufuta faili ambalo jina lake linaanza na C-00000291, na kuwasha tena. Mashine moja moja, kwa mikono. Miongoni mwa waliochelewa ni wale ambao diski zao zilikuwa zimefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya kufunga diski, na hawakujua ufunguo uko wapi. Kwa hiyo, msomaji, kama laptopu yako ina BitLocker, ufunguo wake uandike leo, usisubiri siku ya skrini ya bluu.

Ombi langu kwako, Mhariri. Gazeti lako lina safu ya afya, ya mapishi, ya nyota. Nyota zangu hazijawahi kunionya kuhusu plagini. Tafuteni fundi mmoja anayejua kueleza, mpeni robo ukurasa kila wiki, aandike kwa Kiswahili cha kaunta: mashine ikifanya hivi, fanya hivi kabla hujatoa hela. Makaratasi yote ya nchi hii, kuanzia maombi ya kazi hadi nyaraka za baraza la kata, yanapita kwenye mashine kama yangu, na wanaozishika tulifundishwa kuchapa tu.

Mimi pale kaunta nimebandika karatasi kwa selotepu. Mistari mitatu: Shikilia Ctrl. Toa tiki wote, rudisha nusu. Usimwite mtu wa window kabla ya hapo. Chini yake mwalimu yule ameongeza kwa kalamu nyekundu, "Alama 100."

Mzee wa Matombo anaendelea kuja. Tuko ukurasa wa 38 kwa hesabu mpya. Kila tukimaliza ukurasa nauchapa hapo hapo, anaukunja mara mbili, anauweka ndani ya kofia, ndipo tunaendelea na mwingine.

Wako,
Mama steshenari,
Morogoro